Kumwandikisha Mtoto Kambi ya Sarakasi: Niliyoyauliza Kabla ya Kulipa Ada

Likizo ya mwisho wa mwaka nchini Uganda huanza mapema mwezi Desemba na haimaliziki hadi shule zifunguliwe mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, na mzazi wa Kampala ambaye kazi yake haina likizo ya namna hiyo hulazimika kuamua mapema mtoto atashinda wapi. Wengine huwapeleka watoto kijijini kwa bibi zao. Wengine huwarudisha darasani kwa masomo ya likizo, ambayo Wizara ya Elimu na Michezo imeyapiga marufuku mara kwa mara na ambayo bado huendelea nyuma ya mageti yaliyofungwa, kwa sababu hofu ya mtihani wa darasa la saba huwaingia wazazi mtoto akiwa bado yuko darasa la nne. Sisi safari hii tulimwandikisha binti yetu Salma, mwenye umri wa miaka tisa, katika kambi ya kutwa ya sarakasi, ambayo mtoto huenda asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Kwa kuwa wazazi kadhaa wa huku Ntinda wameniuliza nilichagua vipi, naandika hapa yale niliyoyaangalia.

Ombi lilikuwa lake mwenyewe. Tangu Ghetto Kids, kikundi cha watoto wachezaji wa hapa Kampala, kilipofika fainali ya shindano la Britain's Got Talent mwaka 2023, hakuna chungu ya mchanga mbele ya nyumba inayojengwa ambayo haijageuzwa uwanja wa kupiga kichwangomba, na Salma alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakirudi jioni na mchanga masikioni. Kwa hiyo swali lililokuwa mbele yangu halikuwa kama mtoto apinduke au asipinduke, maana alikuwa anapinduka tayari, tena palipo na vipande vya matofali na misumari. Nililopaswa kuamua ni nani awe amesimama karibu yake anapopinduka.

Mimi nimekulia Bagamoyo, mji ambao una chuo cha sanaa kilichofunguliwa mwaka 1981 na ambapo sarakasi ni somo lenye walimu na mitihani, sawa na ngoma, muziki na maigizo. Waliotangulia katika fani hiyo Tanzania ni vijana ambao serikali iliwapeleka China katika miaka ya 1960 kujifunza, wakarudi kuunda kikundi cha taifa, na mikono yao bado inaonekana katika namna vikundi vingi vya Afrika Mashariki vinavyojenga piramidi za watu. Kwangu, basi, mtoto kujifunza sarakasi ni jambo la kawaida. Kwa mama mkwe wangu, aliyezaliwa na kuzeekea mji wa Bombo, kaskazini mwa Kampala, halikuwa la kawaida hata kidogo.

"Mama Salma," aliniambia kwenye simu, "unampeleka mtoto akavunjike shingo, tena kwa pesa yako mwenyewe?"

Nilimwambia, "Mama, shingo anaweza kuivunja hapa nyumbani bure. Huko kuna mwalimu."

Hakucheka. Aliuliza kama kuna simba. Nilimweleza kwamba hakuna mnyama yeyote, ingawa swali lake lina msingi wake katika historia, kwa kuwa sarakasi ya Ulaya ilianza na wanyama kweli. Philip Astley, askari wa farasi aliyeacha jeshi, alianzisha maonyesho yake London mwaka 1768 kwa kupanda farasi waliozunguka ndani ya duara, na kipenyo cha duara hilo hatimaye kikawa futi 42, yaani karibu mita 13, kwa sababu katika mzunguko wa ukubwa huo farasi akienda mbio, mtu anaweza kusimama mgongoni mwake bila kutupwa nje. Wanasarakasi wa ardhini na wachekeshaji waliongezwa baadaye ili watu wasichoke kutazama farasi. Leo kambi za watoto hazina haja ya farasi wala simba. Kinachofundishwa ni kupinduka, kurusha na kudaka mipira, kutembea kwa mironjo, kujenga piramidi, kuendesha baiskeli ya gurudumu moja, na, kwa wakubwa, kupanda vitambaa virefu vinavyoning'inizwa juu. Na kama ni suala la ugeni, nilimkumbusha mama kwamba yeyote aliyewahi kukaa jioni moja pale Ndere Centre, ukumbi wa ngoma za asili hapa Kampala, ameona wachezaji wakitwika mitungi, mmoja juu ya mwingine, na kucheza ngoma bila kuishika. Yeye mwenyewe, akiwa msichana, alibeba maji kichwani na mikono imeachwa. Hapo alinyamaza kidogo, kisha akauliza mtoto atavaa nini.

Nitalirudia swali hilo, kwa sababu lilikuwa zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wenye shahada.

Kambi nilizozifikiria kwa dhati zilikuwa mbili, na sitazitaja kwa majina. Fomu ya kwanza ilitumwa kwenye simu na ilitaka jina la mtoto, umri, darasa, na namba ya simu ya kutuma ada. Basi. Fomu ya pili ilinichukua jioni nzima. Iliuliza kama mtoto amewahi kuvunjika mfupa au kuteguka kiungo, kama ana pumu, kama ana kifafa au huzimia, anatumia dawa gani, nani ana ruhusa ya kumchukua jioni na nani hana ruhusa hiyo, na iliuliza waziwazi kuhusu selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Swali hilo la mwisho peke yake lilikaribia kunifanya nilipe. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto wapatao 13 kati ya kila 100 nchini Uganda wamerithi kinasaba kimoja cha ugonjwa huo, na karibu mmoja kati ya kila 150 anao ugonjwa wenyewe. Na mtoto mwenye selimundu akikimbizwa juani bila maji ya kutosha anaweza kupata maumivu makali ya kumlaza hospitali. Kocha asiyejua hilo kabla ya siku ya kwanza atalijua wakati mbaya. Mzazi akiona fomu inauliza mengi asikasirike. Mwenye kuuliza mengi ameshawahi kufikiria siku ambayo mambo yataharibika, na huyo ndiye ninayetaka akae na mwanangu.

Hata hivyo, fomu huandikwa na mtu wa ofisini, na mtoto hushikwa na mtu mwingine. Niliomba kutazama kipindi kimoja kabla ya kulipa, na ushauri wangu ni kwamba kambi inayokataa mzazi atazame iachwe papo hapo, bila kusubiri maelezo. Pale nilipokaribishwa, niliketi pembeni na kutazama wanachofundishwa watoto wapya, na kitu cha kwanza walichofundishwa kilikuwa kuanguka. Walifundishwa kuingiza kidevu kifuani, kujikunja, na kubiringika kwa bega hadi nyonga ya upande wa pili, ili uzito usipite kwenye shingo. Walifundishwa wasinyooshe mkono nyuma kujizuia, kwa kuwa mkono ulionyooka hupokea kishindo chote kwenye kifundo, na kwa mtoto anayekua mifupa ya hapo ina sehemu laini ya ukuaji ambayo ikiumia inaweza kuufanya mfupa ukue vibaya. Walirudia hilo mpaka watoto wengine wakaanza kuchoka na kuuliza lini watapinduka hewani. Kocha, kijana mtulivu mwenye sauti ya chini, aliwajibu kwamba hewani ni rahisi, kazi ni kushuka.

Magodoro nayo yanastahili kutazamwa, ikiwezekana kwa kuyakanyaga. Godoro la kulalia ni hatari, ingawa linaonekana la kustarehesha: mguu huzama, kifundo hupinda, mtoto huteguka. Magodoro ya mazoezi ni magumu kiasi, hayazami ukisimama, na yanapowekwa mengi hubanwa pamoja ili kusiwe na mwanya wa kunasa mguu. Yale makubwa na manene huwekwa chini ya vifaa vya juu tu. Katika ile kambi ya kwanza, ambayo pia niliitembelea, kitambaa cha kupandia kilikuwa kimefungwa kwenye tawi la mwembe na chini yake paliwekwa godoro la kitanda, na niliporudi kwenye gari sikuhitaji kujadiliana na mtu yeyote.

Juu ya vifaa vya kuning'inia nitasema zaidi, kwa sababu ndivyo vinavyowavutia watoto, na wazazi wengi hawajui waulize nini. Kitambaa chenyewe hakikatiki kirahisi. Panapoharibika mara nyingi ni pale kinaposhikwa juu. Kulabu za chuma zinazotumika, zile karabina wanazotumia wapanda milima, zikiwa halisi huwa zimechongwa namba ya nguvu kwa kipimo cha kilonyutoni, na kilonyutoni moja ni sawa na uzito wa kilo mia moja na ushee. Ukiona karabina isiyo na namba, ya kama zile zinazouzwa na vishikio vya funguo, usimruhusu mtoto hata kuigusa. Tena mtu anayebembea au kujiangusha ndani ya kitambaa huvuta kwa nguvu kubwa mara kadhaa kuliko uzito wake akiwa ametulia, kwa hiyo kusema "hapa ameshaning'inia mtu mzima na hapakutokea kitu" hakuthibitishi lolote. Niliuliza nani hukagua, kila baada ya muda gani, na anaandika wapi. Jibu nililopewa lilikuwa kwamba kuna daftari, ila wakati huo lilikuwa kwa fundi, na kwamba kwa vyovyote watoto wa chini ya miaka kumi hawapandi kupita kimo cha kocha. Nilikubali sehemu ya pili ya jibu na kuiweka ya kwanza moyoni.

Sasa mavazi. Mama mkwe alitaka kujua kama mjukuu wake atavalishwa zile nguo za kubana zenye kumetameta, miguu wazi. Nilipomfikishia kocha swali hilo, nikiwa nimejiandaa kwa mabishano, aliniambia kwamba kinyume chake wao hutaka mtoto afunikwe miguu hadi chini ya magoti na kwapa zote, kwa sababu kitambaa kikiteleza juu ya ngozi tupu huiunguza, na nyuma ya goti ndipo panapoumia zaidi. Suruali ya kubana yenye kufika kwenye vifundo na fulana ya mikono mirefu iliyochomekwa ndiyo sare yao, na Salma alivaa juu yake fulana nyingine pana katika mazoezi ya ardhini. Hijabu ilihitaji mazungumzo kidogo: mtandio wa kawaida wenye ncha zinazoning'inia na pini hauruhusiwi, maana ncha hunasa na pini huchoma, lakini hijabu ya michezo iliyoshonwa moja kwa moja, isiyo na pini, inaruhusiwa bila tatizo. Herini, bangili na shanga za kiunoni huvuliwa nyumbani. Bibi aliporipotiwa haya yote aliridhika kuliko nilivyotarajia, akatuma pesa ya kununua hijabu hiyo.

Jambo linaloambatana na mavazi, na ambalo watu huona haya kuliuliza, ni kushikwa. Hakuna namna ya kufundisha sarakasi bila kumshika mtoto, kwa kuwa anayepinduka lazima ashikwe mgongo na nyonga mpaka mwili wake uzoee. Niliuliza nani atamshika binti yangu, na nilitazama kama wanamwambia mtoto watamshika wapi kabla ya kumshika. Walikuwa wakisema. Wasichana walishikwa zaidi na kocha wa kike, na palipokuwa na kocha wa kiume palikuwa na mtu mzima wa pili akitazama, mahali pa wazi, bila chumba cha pembeni. Salma naye nilimweleza kabla hajaenda kwamba akishikwa kwa namna isiyompendeza aseme kwa sauti, na nilimfundisha namba 116, simu ya bure ya watoto inayosimamiwa na serikali, ambayo anaijua kwa moyo kama anavyoijua namba yangu.

Nilitazama pia kama kuna fimbo. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 inakataza viboko shuleni, lakini walimu wa michezo wengine bado hubeba kijiti wakisema ni cha kuhesabia mdundo. Kibaya zaidi ya kijiti ni kocha anayemkalia mtoto mgongoni ili apige msamba kwa siku moja. Misuli hulegea kwa wiki na miezi, na mtoto anayelia akinyooshwa anachanwa. Hapo nilipochagua sikuona kimoja wala kingine. Niliona mtoto mmoja mkorofi akiambiwa akae nje mpaka atakapokuwa tayari, na alikaa, na hakuna aliyemjali, na alirudi.

Ada ililipwa kwa simu na risiti ikaja. Chakula cha mchana kilikuwa chao, maji tulibeba wenyewe. Usafiri ulikuwa juu yetu, na sharti la kumchukua mtoto mikononi mwa mtu aliyeandikwa kwenye fomu lilituzuia kumtuma bodaboda tuliyemzoea, jambo lililomkera mume wangu jioni za foleni na ambalo mimi nililiunga mkono kabisa.

Kuhusu alichojifunza, matarajio yake na yangu yalitofautiana na yaliyotokea. Alidhani atakuwa wa kupinduka, kumbe alivutwa na kurusha mipira. Hawakumpa mipira mwanzoni. Walimpa vitambaa vyepesi, kwa kuwa vinashuka polepole na mtoto anapata muda wa kuona mpangilio wa mikono. Kisha kifuko kimoja kilichojazwa mtama, kirushwe kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto kikipita usawa wa macho. Kisha viwili, ambapo cha pili hurushwa kile cha kwanza kinapofika juu, na hapa ndipo karibu kila mtoto hukosea kwa kukipitisha kifuko cha pili chini kwa chini badala ya kukirusha. Kisha vitatu. Macho hayafuati mikono. Hutazama pale juu vifuko vinapogeukia. Vifuko hutumika badala ya mipira kwa sababu vikianguka havibingiriki, vinginevyo nusu ya somo ingekuwa ya kufukuza mipira uwanjani. Tulishona vya kwetu nyumbani, na panya wakatuonyesha kwa nini watu wengine hujaza mchanga.

Wazazi wenzangu hupenda kuuliza kama hilo linaongeza akili. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha katika jarida la Nature kwamba watu waliojifunza kurusha mipira mitatu kwa miezi mitatu walionekana, kwa picha za ubongo, kuwa wameongezeka katika sehemu inayohusika na kuona vitu vinavyosogea, na kwamba ongezeko hilo lilipungua walipoacha mazoezi. Hao walikuwa watu wazima, na kilichoongezeka hakikuwa alama za hisabati. Mimi simpeleki mtoto sarakasi ili afaulu mtihani wa darasa la saba, na kambi inayouza nafasi zake kwa ahadi hiyo ningeitilia shaka.

Nilichokiona kwa macho yangu ni kingine. Salma si mwembamba. Shuleni, siku ya mashindano ya mbio, huwa anaumwa tumbo. Katika piramidi alipangwa chini, kwa magoti na mikono, mgongo umenyooka, na kocha aliwaeleza wote kwamba wa chini ndiye huamua wengine wapande lini, kwani yeye pekee ndiye anayejua kama yuko tayari. Siku wazazi tulipoalikwa kutazama, mtoto wa juu kabisa, mwembamba kama kawaida ya wa juu, aliinua mikono na kupigiwa makofi, lakini kabla ya hapo nilimsikia binti yangu, kutoka chini kabisa, akisema kwa sauti ya amri ambayo nyumbani hatuijui: "Bado. Subirini. Haya, pandeni." Nao wakasubiri, nao wakapanda. Bibi yake, aliyekuja kutoka Bombo kwa makusudi ya kuhakikisha shingo iko salama, aliniuliza kwa nini mjukuu wake hakuwekwa juu. Nilimweleza. Hajakubaliana nami hadi leo, na kila akipiga simu hulisema tena.

Salma anataka kurudi likizo ya Agosti, na kwa wakati huo atakuwa ametimiza miaka kumi, umri wa kuruhusiwa kupanda vitambaa kupita kimo cha kocha. Ada nimeanza kuitenga. Lakini nimemwandikia kocha mkuu kwamba kwa darasa hilo sitatia sahihi fomu mpaka nilione lile daftari la ukaguzi wa karabina, lenye tarehe na sahihi ya fundi, na amenijibu kwamba nije nilitazame Jumamosi yoyote kabla usajili haujafunguliwa.